Nimeinua Hilux mara mbili hapa Nakuru, ya kwanza ilikuwa hasara

Wacha niandike hii kitu sai kabla nisahau, juu kila wiki kuna mtu ananisimamisha pale soko ya Wakulima ananiuliza hiyo Hilux iliinuliwa wapi na ni pesa ngapi, na jibu yake si fupi. Nimeinua gari moja mara mbili, yaani kupandisha bodi ikae juu zaidi. Mara ya kwanza 22,000 ikaenda na maji. Mara ya pili 185,000 pamoja na kazi, hiyo nimeridhika nayo, ingawa pia kuna mahali nina malalamiko na nitayasema.

Gari ni pikapu ya Toyota Hilux, ile Vigo ya 2012, dabo kebini, dizeli ya 2.5, na kazi yake ni viazi. Nanunua Shangi kwa mashamba ya Mau Narok naleta mjini, mara tatu kwa wiki msimu ukiwa mzuri. Magunia 12 ya kilo 50, hiyo ni kilo 600 kabla hujahesabu mimi, turnboi na tairi ya spea. Lami iko, shida ni ile kilomita mbili tatu za mwisho za kuingia shamba, mvua ikinyesha matrekta yanachimba mitaro miwili alafu katikati panabaki mgongo, na ule mgongo ulikuwa unanikwangua chini kila safari, unasikia kabisa krrrr chini ya miguu. Probox ya jirani inapitanga hapo na magunia nane. Usiniulize inapita aje.

Basi nikaenda kwa jamaa fulani, jina naacha. Akaangalia gari sekunde kumi, akauliza swali moja tu, "unataka inchi ngapi?" Na mimi kwa ujuaji nikasema mbili, juu hiyo ndio namba kila mtu husema. Akachonga spesa, yaani vipande vya kuongeza urefu, za alumini za inchi mbili akazipachika juu ya shoki za mbele, nyuma akaweka shakoli ndefu, kile chuma kinashika mwisho wa springi, saa saba nikawa nimetoka. Nilipofika nyumbani mama watoto akatoka nje akaangalia akaniuliza mbona gari imekaa kama mbwa anangoja chakula. Na ni kweli, pua ilikuwa juu, matako chini.

Hii ndio sababu, na nilikuja kuielewa baadaye sana: kwa Hilux shoki ya mbele haikai kwa gurudumu, imeshikwa kwa mkono wa chini, kile chuma kinashika gurudumu, karibu katikati ya ule mkono. Kwa hivyo ukiongeza inchi moja juu ya shoki, kwa gurudumu unapata karibu mbili. Yeye aliweka spesa ya inchi mbili akidhani ananipa inchi mbili. Piga hesabu mwenyewe. Na shakoli ya nyuma ni kinyume chake, ukiirefusha inchi mbili unapata moja tu, kwa sababu upande wa pili wa springi umebaki palepale. Ndio maana mbwa.

Wiki ya pili ikaanza kugonga. Ukipita bampu gurudumu likishuka unasikia ko! juu mkono wa juu umefika mwisho wake, hauna tena mahali pa kwenda. Wiki ya nne nikaona girisi imetapakaa ndani ya rimu ya kushoto, kupiga magoti kuangalia, ile mpira inafunika sivi jointi, kiungo cha eksele ya mbele, imepasuka. Eksele zilikuwa zimeinama vibaya hadi ule mpira mikunjo yake inajisugua yenyewe kwa yenyewe. Alaimenti nilipeleka mahali pawili, wote wakaniambia bolti za kurekebisha zimefika mwisho na bado haijakaa sawa, tairi za mbele zikaliwa upande mmoja mpaka nyuzi.

Lakini kile kilinitoa jasho ni breki. Siku moja natoka juu nimebeba, teremko ile ya Likia, nakanyaga naona gari inasimama na pua tu, nyuma inanisukuma. Nikafika chini breki za mbele zinanuka hadi turnboi akashuka akasimama mbali. Kumbe huko nyuma, karibu na difu, lile tumbo la gia katikati ya eksele, kuna valvu yenye kafimbo kembamba kameunganishwa na eksele, yangu haina ABS, zile breki za kompyuta, kwa hivyo iko na hiyo. Ukipakia mzigo bodi inashuka, kale kafimbo kanasukumwa, valvu inajua kuna uzito inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Sasa ukiinua bodi bila kugusa hiyo valvu, gari iko na kilo 600 na yenyewe inaamini iko tupu. Yule jamaa hakuiona, ama aliiona akanyamaza. Ukisoma hii yote ukasahau, usisahau hiyo. Lala chini ya gari yako uiangalie.

Fundi wa pili nilipelekwa na mtu wa maziwa, ako Industrial Area, uwanja tu wa mabati na ramp moja. Jina lake pia siweki, mwenyewe alikataa, alisema kazi aliyonayo inamtosha. Nilifika nikaanza hotuba yangu ya inchi mbili, akaninyamazisha kwa mkono. "Mzee, kwanza niambie inabeba nini." Nikamwambia viazi. Kilo ngapi? Siku ngapi kwa wiki? Ukirudi inarudi tupu? Kuna bulbaa, ile ngao ya chuma ya mbele, kuna winchi ya kujivuta, ama utaweka? Nikajibu yote kama niko kwa daktari. Alafu akatoa tepu, akapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, gari tupu, akaandika kwa kadibodi ya boksi ya oili. Akaniambia nirudi kesho na mzigo. Nikarudi na magunia 12, akapima tena. Nyuma ilikuwa imelala sentimita tisa na springi zimenyooka kabisa, zingine zimeanza kupinda kinyume. Hapo ndio akaniambia shida yangu haijawahi kuwa urefu, shida ni springi za nyuma zimechoka na hazikutengenezewa kazi yangu.

Alinielezea hivi, na nimeishika. Springi za nyuma za hizi seti za kuinua gari zinachaguliwa kulingana na mzigo unaobeba. Kuna za gari tupu na mzigo mdogo mdogo, kuna za mtu anabeba kilo kama 300 kila siku, kuna za 500 kwenda juu. Ukiweka za 500 na wewe unabeba tu familia kwenda kanisa, gari itaruka kama mbuzi na mtu wa nyuma atagonga dari. Ukiweka laini na wewe unabeba viazi, miezi sita zimelala umerudi palepale. Mimi ninabeba nusu ya safari tu, nikienda niko tupu, kwa hivyo alinipa ya katikati akaniambia wazi: ukiwa tupu utasikia mgongo, ukiwa umebeba utashukuru. Mbele pia ni vilevile, koili, yaani springi ya mbele, inachaguliwa kama una bulbaa ya chuma ama huna. Mimi sina, kwa hivyo koili ya kawaida, na sikutakiwa kununua ile nzito ati kwa sababu inaonekana ngumu.

Kuhusu kampuni, mtaani utasikia majina mengi, Old Man Emu, Ironman, Tough Dog, Dobinsons, hizo zote ni za Australia, Rancho ni ya Marekani, Bilstein ni ya Ujerumani. Watu wanabishana juu yake kama Gor na AFC. Mimi niliweka Old Man Emu, hiyo ni ya ARB, kampuni iliyoanza 1975 huko Australia, na sababu yangu haikuwa ya kishujaa: ndiyo fundi alisema anaweza kupata bushi, zile mpira za viungo, na shoki moja moja kutoka Nairobi siku yoyote bila kununua seti mpya. Kwa mtu wa biashara hiyo inashinda jina. Kuna rafiki yangu ako na shoki za Bilstein, zile za tyubu moja, anaapa nazo kwa barabara ya mbio juu hazichemki haraka, lakini tyubu moja ikigongwa na jiwe ikabonyea, pistoni inakwama hapohapo, na huko kwetu mawe yanaruka. Zangu ni za tyubu mbili, zimeshabonyea kidogo nje na bado zinafanya kazi.

Urefu alinipa? Ukitoa zile spesa na shakoli za kwanza, mbele ilikuwa sentimita 49 ikawa 53 na nusu. Nyuma tupu 52 ikawa 57. Hiyo ni chini kidogo ya inchi mbili tu, na alikataa kabisa kupita hapo, akasema ukipita inchi mbili kwa hii gari unaanza kununua mikono ya juu, unaanza kushusha difu ya mbele, unaanza maisha mengine.

Sasa kuna kitu nilitaka kulia nilipoambiwa. Ile difu ya nyuma, lile tumbo linalokwangua mgongo wa barabara, springi haiinui hata milimita. Eksele ya nyuma ya Hilux ni kipande kimoja, imekaa kwa magurudumu, unachoinua ni bodi tu. Kuinua difu ni tairi peke yake. Nilikuwa na 265/70 R16 nikaenda 265/75 R16, tairi imekuwa ndefu kwa milimita 27, nusu yake ndio inaenda chini ya difu, yaani kama milimita 13. Sentimita moja na kidogo! Pesa zote hizo na difu imepanda upana wa kidole. Lakini ukweli ni kwamba sikwangui tena vile nilikuwa nakwangua, kwa sababu siku hizi nikibeba bodi na ekzosi hazilali chini, na hizo ndizo zilikuwa zinapiga kelele nyingi. Difu bado inagusa siku mbaya. Na hizo tairi zimefanya spidomita idanganye kidogo, ikisoma 80 uko kama 83, kwa hivyo ukienda upande wa Salgaa na unajua wale jamaa wa kamera, shusha kidogo.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, hapo sina neno. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoshika springi kwa eksele, zote mpya, alikataa kurudisha za zamani hata nilipomwambia zinaonekana sawa, akasema zikishakazwa mara moja zimevutika. Bushi za springi hakuzikaza gari ikiwa juu, alishusha ikae kwa matairi yake ndio akakaza, juu ukizikaza zikiwa zinaning'inia zitakaa zimesokotwa kila wakati na zitakatika. Ile valvu ya breki akaitengenezea bano ndogo ya kushusha mshikio wake, tukaenda kujaribu na mzigo, nikakanyaga, gari ikakaa chini yote pamoja. Taa akazielekeza upya, kitu sikuwa nimefikiria, na kumbe wale walikuwa wananimulikia usiku nikidhani ni wajeuri walikuwa wanalia macho.

Malalamiko sasa. Aliniambia siku moja, ikawa nne, koili zilichelewa Nairobi na hakunipigia simu hata mara moja, mimi ndio nilikuwa napiga. Siku nne bila gari kwangu ni safari mbili za viazi. Risiti nilipewa baada ya kuomba mara tatu, na niliihitaji juu wakala wa bima alitaka kuandika hayo mabadiliko. Hakuna mahali pa kukaa, utakaa kwa jerikani. Na alaimenti hafanyi, unaenda kwingine na unalipa kando, hakuniambia hiyo mapema.

Gari yenyewe baada ya miezi mitano: tupu iko ngumu, siwezi danganya, kahawa kwa kikombe haikai. Mama yangu hapandi tena bila stuli, tunatembea nayo nyuma ya siti. Na wapakiaji wa Mau Narok walilalamika siku ya kwanza, eti nimewaongezea kazi, kila gunia linapandishwa sentimita tano zaidi, wakataka bei mpya. Tuliongeza shilingi tano kwa gunia. Springi zimeshuka kama sentimita moja tangu ziwekwe, fundi alisema itatokea na aliipigia hesabu.

Shemeji yangu ako na pikapu ya Isuzu D-Max ya zamani, ile ya toshen baa mbele, chuma kirefu kinachojisokota badala ya koili, amenitafuta akitaka na yeye. Kuna mtu amemwambia ni kukaza bolti mbili tu kwa spana na gari inapanda bure. Inapanda kweli. Lakini baa haijaongezwa nguvu yoyote, umezungusha tu mahali inaanzia, na gurudumu linabaki bila nafasi ya kushuka, inakuwa ile ko! yangu tena. Nimemwambia aje na mimi kwa fundi Jumamosi, mimi naenda kukaziwa yubolti upya, yeye aje na gari ikiwa imebeba kile inabebanga, siyo imeoshwa.