Kadi 11 za Edwin Jackson, dola moja moja

Nilimpeleka mwanangu wa miaka 11 kwenye duka hili la kadi za besiboli, hapa Mesa, Arizona, tukimtafuta mtu mmoja tu: Edwin Jackson. Kadi za mastaa zimefungiwa kwenye kaunta ya kioo. Wa kwetu hakuwamo. Mzee wa dukani alituonyesha masanduku yaliyo chini, kadi dola moja moja, akamsogezea mtoto stuli apekue kwa nafasi yake. Tulikaa karibu saa mbili na hakuna aliyetuuliza kama tunanunua au la.

Jackson alikuwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Alianza ligi kuu na Dodgers wa Los Angeles tarehe 9 Septemba 2003, siku aliyotimiza miaka 20, akamshinda Randy Johnson, mrushaji nyota wa Arizona, huku huku Arizona. Mwaka 2019 alipovaa jezi ya Toronto ilikuwa timu yake ya 14, akaivunja rekodi ya Octavio Dotel ya timu 13.

Tulipata kadi 11, kila moja ya timu yake. Mtoto akazipanga kwa miaka juu ya kaunta, na alipofika ya Arizona nikamsimulia ile mechi ya 25 Juni 2010 dhidi ya Tampa Bay, timu yake ya zamani: alirusha mipira 149, akawapa wapigaji 8 kituo cha kwanza bure, lakini hakuna hata mmoja aliyepata pigo halali la kufika kituoni. Arizona wakashinda 1-0. Kadi iliyofuata ilikuwa ya White Sox wa Chicago, mwaka huo huo. Kiasi cha wiki tano tu baada ya usiku ule, walishampeleka Chicago.

"Baba, mbona wamemwondoa na amewashindia?"

Nikamwambia kuna timu nyingine ilimhitaji. Mimi ni dereva wa lori, mtoto huyu nimeshamhamisha shule tatu, na kila mara nilimpa jibu kama hilo. Safari hii aliishika kadi muda mrefu, akaigeuza nyuma, akasoma orodha ya timu kwa kidole, mstari kwa mstari. Nikamwonyesha na ya St. Louis: Julai 2011 White Sox walimpeleka Toronto, na siku hiyo hiyo Toronto wakampeleka St. Louis. Oktoba akawa bingwa.

Lawama yangu ni kurasa za plastiki walizotuuzia dola 6. Mifuko yake imelegea; kadi hiyo ya St. Louis ilichomoka ndani ya gari, kona ikakunjika. Niliporudi walinibadilishia nikapewa kurasa nzito bila mabishano, ila kona haikunjuki tena. Wauze hizo nzito tangu mwanzo.

Zilikuwa zimebaki kadi za timu tatu. Mzee aliziandika kwenye daftari lake pamoja na namba yangu. Juzi amepiga simu, ya Baltimore imepatikana. Tunaifuata Jumamosi.