Fundi wa barazani Busia aliyeuliza inalia mara ngapi

Nina duka la fotokopi na uchapaji hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya Tororo. Kompyuta ni moja tu, HP Compaq ya mezani niliyoinunua mtumba, na ndiyo inayonilisha. Madereva wa malori wanataka nakala za hati za mzigo, wazazi wanataka barua za shule, vijana wanataka wasifu wa kuombea kazi. Jumatatu moja nikabonyeza kitufe, feni ikanguruma, skrini ikabaki nyeusi. Halafu ikalia: pi, pi, pi, pi, pi. Kimya. Ikarudia, na taa nyekundu inamulika pale mbele.

Nilifanya ambayo kila mtu hufanya. Nikazima nikawasha, nikahamisha soketi, nikaipiga kofi monita ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mahali pa kwanza nilipoipeleka sitapataja. Kijana wa kaunta hakuichomeka hata kwenye umeme. Aliitazama kama nyama iliyolala, akatamka kwamba madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, shilingi 350,000. Ikakaa kwake siku tatu "inaangaliwa". Nilipokwenda kuichukua ilikuwa pale pale nilipoiacha, ila skrubu mbili za kifuniko hazipo.

Ndipo jirani akanielekeza kwa huyu wa barazani. Ana meza moja, mwavuli mkubwa wa kampuni ya simu, na boksi la vipuri. Niliifunga sipiyu kwa leso nikaipakia kwenye bodaboda (tuko Busia, huku ndiko boda ilikopatia jina lake), nikafika roho mkononi. Hakuuliza nina pesa ngapi. Aliuliza, "Mama, inalia mara ngapi?"

Nikasema inalia tu, mwanangu.

Akaichomeka, akainua mkono kunyamazisha watu waliokuwa wanapiga soga, akahesabu kwa vidole. Tano. "Hiyo ni RAM, mama, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ingekuwa haiwaki taa wala feni, ningeanza na waya na pawa saplai. Ingekuwa inafika kwenye nembo ya Windows halafu inarudi mwanzo, ningeshuku diski. Lakini hii imeshasema yenyewe." Akanieleza kwamba kwa mashine za aina yangu milio minne ni shida ya umeme wa ndani, mitano ni RAM, sita ni upande wa picha. Kampuni nyingine zina hesabu zao, kwa hiyo usiende kumhesabia jirani mwenye Dell kwa hesabu za HP.

Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Alichomoa waya wa umeme kwanza, akabonyeza kitufe cha kuwashia mashine ikiwa haina waya ili chaji iliyobaki ndani iishe, akashika bati la kasha. Nikauliza kwa nini analipapasa. Akasema mwilini mwa mtu mna umeme mdogo ambao wewe huusikii lakini RAM inausikia. Akasukuma vile vibanio vya pembeni, vipande viwili vikachomoka. Meno yao ya dhahabu yalikuwa yamefifia, yana utando mweusi. Akatoa raba nyeupe ya kufutia penseli, ile ile ya watoto wa shule, akayasugua taratibu, akapangusa vumbi la raba kwa brashi. Akarudisha kipande kimoja peke yake: mashine ikawaka. Akakitoa, akaweka cha pili: milio mitano. Akakihamishia nafasi nyingine: mitano tena. "Huyu amekufa, mwenzake mzima." Nikabaki na GB 4 badala ya 8, na hakunilazimisha kununua nyingine papo hapo.

Mashine ilipowaka ikaandika kwamba saa haiko sawa, nibonyeze F1 niendelee. Nilikuwa nimezoea kuibonyeza hiyo F1 kila asubuhi bila kuuliza. Kumbe betri ya saa, kidude bapa kama sarafu, CR2032 cha volti 3, kilikuwa kimekwisha, na mashine ilikuwa inaamini tuko miaka mingi nyuma. Ndiyo maana tovuti nyingi zilikuwa zinagoma kufunguka zikidai si salama: tarehe yangu na ya vyeti vyao vya usalama haziafikiani. Na mimi mwezi mzima nalaumu bando.

Jumla shilingi 30,000: kazi 25,000, betri 5,000.

Nampa nyota nne. Ya tano ameipoteza mwenyewe. Kila dakika kumi anapokea simu, bisibisi ikiwa mdomoni. Risiti aliniandikia kwenye karatasi aliyoichana daftarini. Mvua ikinyesha hafanyi kazi, kwa hiyo angalia mawingu kwanza. Na alipopuliza vumbi la feni kwa blowa, lote lilielekea kwa muuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) wa pembeni, ambaye alimtukana kwa lugha tatu. Mwenye rolex alikuwa na haki.

Siku ya tisa mashine ikagoma tena, na safari hii kimya kabisa, hakuna taa, hakuna feni. Usiku wake umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo. Nilimpigia nikiwa nimeshaandaa maneno makali. Akauliza kama ile taa ndogo ya kijani nyuma, pale waya unapoingia, inawaka. Haiwaki. "Badilisha soketi." Haiwaki. "Una birika la umeme hapo? Chomoa fyuzi ya plagi yake uiweke kwenye plagi ya kompyuta." Nikaichokoa kwa kisu cha jikoni, fyuzi ya birika ikahamia kwenye kompyuta, taa ya kijani ikawaka nikiwa bado nimeinama chini ya meza.

Nilimtumia shilingi 2,000 za chai kwa simu. Akajibu kwa ujumbe: "Asante mama. Sasa nunua UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, na birika litafutie fyuzi yake."

Fyuzi nimenunua. UPS bado.