Ofisi ya nikahi karibu na Makadara, ya wakala wanaijua sawasawa

Nyota nne, na kama si karani wao ningewapa tano. Kama munaoza na bwana harusi yuko mbali nendeni hapa.

Sisi tulikuwa tunamuoza binti ya dadangu, mume yuko Doha kazini na likizo hapati saa hii, wazee wakasema ami yake huyo mume asimame wakala, yaani akubali nikahi kwa niaba yake. Kuna waliosema simu yatosha, wekeni spika akubali mwenyewe. Sheikh wa ofisi hiyo alikataa palepale lakini kwa upole, akasema mashahidi wawili lazima wajue wanamshuhudia nani na sauti ya simu yaigizwa, hata Baraza la Fiqhi la Jeddah, la wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu, mwaka 1990 walipojuzisha mikataba ya kwa simu na mitambo nikahi waliiweka kando isiingie kwa sababu ya huo ushahidi. Wakala ndio njia tangu zamani, Mtume (SAW) alimuoa Umm Habiba naye bibi yuko Habasha (Ethiopia), na imepokewa alimtuma Amr bin Umayya na Najashi, mfalme wa huko, akatoa mahari.

Na uwakala wenyewe waliukagua mashallah. Sheikh hakutaka maneno matupu, alitaka barua ya bwana harusi yenye jina kamili la binti na la babake na kiwango cha mahari, kisha akampigia video kumuuliza umemfanya nani wakala wako na umuoe nani. Halafu kabla ya kukaa mkekani akawafundisha walii, yaani babake binti anayemuoza, na ami maneno, maana kwetu Mashafii (wa madhehebu ya Shafii) walii akimwambia wakala "nimekuozesha" basi amemkusudia yeye aliyekaa mbele yake, lazima aseme "nimemuozesha fulani bin fulani binti yangu fulani" na wakala ajibu "nimemkubalia fulani nikahi yake". Wakarudia mpaka wakashika, ndio akaanza hutuba.

Lililonigusa zaidi ni alipoingia kwa wanawake akamuuliza binti mbele ya mamake na makhalati (mama zake wadogo na wakubwa), babake akiwa nje, kama ameridhia mume na mahari. Kwa mwari kimya chatosha, lakini sheikh alingoja mpaka akasema ndio kwa mdomo wake. Nililia kwa kweli, nimehudhuria nikahi nyingi ambazo mwanamke huulizwa haraka haraka tu mlangoni.

Mahari wameandika vizuri, taslimu mstari wake na ya kuakhirisha mstari wake na tarehe ya kulipwa, si ile "baadaye" isiyojulikana ambayo wanawake wetu huja kuidai kwa kadhi miaka ishapita.

Sasa karani. Tulingoja asubuhi nzima na jina la bwana harusi akalikosea herufi, lisilingane na la paspoti, ikabidi aandike upya. Likaguweni kabla ya mashahidi kutia sahihi, hasa kama mke atamfuata mumewe ng'ambo. Na popote muendako ulizeni kibali, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 yataka anayeozesha awe kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na msajili. Huyu alituonyesha chake hata hatujaomba.