Saa ya mazoezi na tredimili ya jimu: mapigo ya moyo sawa, kalori hapana

Wadau, kuna watu wengi wananiuliza hii saa ya mazoezi niliyonayo kama inafaa, ile ya bei ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya simu Kariakoo. Nimeshaivaa vya kutosha, jimu na barabarani. Kama unataka kujua mapigo ya moyo nunua, kama unataka kujua umechoma kalori ngapi hela yako itakuwa imeenda bure, na ile skrini ya tredimili (mashine ya kukimbilia) ndo usiiamini kabisa.

Juzi nimekimbia kilomita 5 kwenye tredimili nikiwa nimeivaa. Mashine ikaandika kalori 460, saa ikaandika 390. Sasa mimi nina kilo 60, na kukimbia kunakula kama kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo halali yangu pale ni kama 300 tu. Mashine yenyewe wala haikuniuliza uzito, imejichukulia mtu wake wa kufikirika ikanipa hesabu zake.

Tatizo ni kwamba kalori hazionekani mkononi. Ukitaka kuzipima kweli unavalishwa barakoa wanapima hewa unayovuta na unayotoa, wanajua mwili umetumia oksijeni kiasi gani. Saa inachoona ni ule mwanga wa kijani unaomulika damu, na jinsi mkono unavyocheza, basi, halafu inachukua umri na uzito uliojaza inakisia. Na moyo unapanda kwa sababu nyingi, kimbia Dar mwezi wa pili saa nne asubuhi uone, moyo unakwenda mbio kwa sababu mwili unahangaika kujipoza, spidi ni ileile ya siku zote lakini saa inakuandikia kalori za ziada.

Na hii sio saa yangu peke yake. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walipima saa 7 kwa watu 60, zikiwemo Apple Watch, Fitbit Surge na Samsung Gear S2. Kwenye mapigo ya moyo 6 kati ya hizo 7 zilikosea chini ya asilimia 5, safi sana. Kwenye kalori, saa iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93! Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, utafiti huo uliona makosa ya mapigo yanaongezeka kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi, ila Chuo Kikuu cha Duke, Marekani hukohuko, mwaka 2020 walipima watu 53 wa rangi tofauti hawakuona tofauti hiyo, walichoona ni kwamba makosa yanapanda ukiwa kwenye mwendo kuliko ukiwa umetulia. Kwangu mimi inasoma vizuri nikikimbia, inapotea nikinyanyua vyuma maana kifundo cha mkono kinakunjika na misuli inakaza.

Turudi kwenye tredimili, maana hapa ndo watu wanadanganywa zaidi. Ukitembea kilomita 5 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, fomula ya mashine inahesabu kalori zaidi ya mara mbili ya kutembea tambarare, sawa, lakini inaamini unatembea mikono huru. Angalia jimu jioni, watu wameshika vyuma vya mbele wamejilaza nyuma, uzito umebebwa na mikono, na skrini inaendelea kuwahesabia mlima ambao hawaupandi.

Baiskeli ya mazoezi yenye kipimo halisi cha wati, yaani nguvu unayosukuma kwenye pedali, ndo nafuu, kilojuli 1 uliyosukuma ni karibu kalori 1 mwilini. Mashine ya kupiga makasia ya Concept2 nayo inapima nguvu kweli, ila kalori zake zimepangwa kwa mtu wa kilo 79, kama wewe ni mdogo punguza.

Naliongea hili kwa uchungu kwa sababu ya dada zetu wa jimu, mtu anaona 600 kwenye skrini, anaenda kula za 600 akijua zimeshalipwa, mwezi unaisha mzani uko palepale anaanza kujilaumu hana nidhamu. Nidhamu anayo! Namba ndo mbovu. Na ndani ya ile namba mara nyingi zimo hata ambazo ungezichoma umekaa kwenye kochi, kwa mtu wa kilo 60 ni kama 60 kila saa.

Mimi nimeitoa kalori kwenye skrini ya mbele ya saa, nimebakiza mapigo na muda. Chaji inakaa vizuri, mkanda unashika jasho uoshe mara kwa mara. Na ukiambiwa dukani uongeze hela upate mkanda wa kupimia mapigo unaovaliwa kifuani, utakupa mapigo sahihi zaidi hasa kwenye vyuma, ila kalori bado itakuwa ni kukisia, kwa hiyo usiununue kwa ajili hiyo.