Nilivyochagua chuo cha uuguzi: kabla ya kuuliza ada, uliza habari za wodi

Nimemaliza chuo cha uuguzi, leseni ninayo, na sasa nafanya kazi wodi ya upasuaji. Kila msimu wa maombi ukifika, wadogo zangu na marafiki zao huniuliza swali lile lile: chuo gani kina ada nafuu na bado ni kizuri? Naandika hapa jinsi nilivyopima na jinsi chuo nilichosoma kilivyo, maana matangazo ya vyuo yote yanafanana. Utaona jengo, sare nyeupe, na mwanafunzi anayetabasamu akiwa na stethoskopu shingoni. Hakuna tangazo linalokwambia nani atasimama pembeni yako siku ya kwanza utakapomchoma mgonjwa sindano.

Nilikuwa na vyuo vitatu vya kuchagua. Cha kwanza kilikuwa ghali, chenye maabara ya mazoezi inayong'aa na sanamu la mgonjwa linalopumua na kukohoa. Cha pili kilikuwa na ada ndogo kuliko vyote, ila hakikuwa na hospitali yake. Wanafunzi walisambazwa kokote nafasi ilikopatikana. Cha tatu kilikuwa na ada ya kati na majengo ya zamani, lakini kilishikamana na hospitali kubwa, yaani ukitoka darasani unavuka ua tu na uko wodini. Nilikwenda hicho cha tatu. Nikiambiwa nichague upya, nitakwenda huko huko.

Kote nilikotembelea niliuliza swali moja: wodini, mkufunzi mmoja anasimamia wanafunzi wangapi? Chuo ghali hakikunijibu. Walinipeleka kuona maabara. Sanamu lile maarufu lilikuwa limefunikwa shuka, na mwanafunzi aliyenizungusha alinieleza kwamba hufunuliwa wageni wanapokuja. Sisemi kwamba mazoezi ya sanamu hayana maana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2014 na baraza la kitaifa la bodi za uuguzi la huko uliona kwamba hadi nusu ya saa za wodini zinaweza kubadilishwa na mazoezi ya kuigiza bila wahitimu kuwa dhaifu. Ila ilikuwa ni kwa sharti la wakufunzi waliofunzwa kuendesha mazoezi hayo na kukaa na mwanafunzi baadaye kuchambua alichofanya. Sanamu lililofunikwa shuka halifundishi mtu.

Swali langu la pili lilikuwa saa za mafunzo kwa vitendo, na niliomba jibu kwa maandishi. Kipimo nilichotumia ni cha Umoja wa Ulaya: muuguzi wa kawaida asome angalau miaka 3 na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za kuhudumia wagonjwa. Najua kila nchi ina sheria yake, na chuo kinaweza kuwa kizuri bila kufika hapo. Lakini namba hiyo ilinisaidia kuona ukubwa wa pengo pale chuo kimoja kiliponiambia wanafunzi wake huenda hospitali "muhula wa mwisho". Muhula wa mwisho! Mikono inajifunza polepole. Huwezi kuilimbikizia kazi ya miaka ndani ya miezi michache ukategemea ishike.

Sasa nieleze nilichokipata. Miezi ya mwanzo chuoni kwetu ilikuwa ya kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, kumwogesha, kupima presha, joto na mapigo ya moyo, na kuandika. Tuliandika sana. Wengine walinung'unika kwamba hawakuja kusomea usafi. Mimi naona ndipo nilipojifunza kumtazama mgonjwa: ngozi ya mgongoni iliyoanza kuwa nyekundu kabla haijawa kidonda, mtu aliyekuwa akizungumza jana na leo anajibu kwa neno moja. Kisha zikaja sindano, kanula (mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa), mpira wa mkojo, kusafisha kidonda. Hakuna aliyemfanyia mgonjwa kazi hizi kabla ya kuzifanya kwanza kwenye sanamu, na mara ya kwanza kwa mgonjwa ilikuwa chini ya macho ya mkufunzi.

Kuna mkufunzi aliyekuwa akinisimamisha mlangoni na trei ya dawa mkononi: mgonjwa sahihi? dawa sahihi? dozi? njia? wakati? Asiporidhika unarudi kwenye kabati unaanza upya. Wakati ule nilimwona mkali. Leo nikiwa peke yangu zamu ya usiku, sauti yake bado inanisimamisha. Hiki ndicho nilicholipia ada, na hakuna jengo la kioo lingenipa.

Udhaifu upo, na ni wa kweli. Maktaba ina vitabu vilivyopitwa na wakati na intaneti inakatika. Somo la afya ya akili lilikuwa na mwalimu asiyeonekana kwa wiki nyingi, na kwa somo zito namna ile naona ni jambo lisilokubalika. Na michango midogo midogo ilizuka kila muhula bila kutajwa kwenye fomu ya kujiunga.

Hapo kwenye gharama naomba utulie kidogo. Ada iliyoandikwa kwenye tangazo ni sehemu tu. Kuna sare na viatu, nauli za zamu, malazi, chanjo ya homa ya ini B ambayo kwa kawaida ni dozi 3 zinazoenda hadi miezi 6, daftari la kusainiwa mazoezi, ada ya mtihani wa leseni na ada ya usajili. Niliviandika vyote kwenye karatasi kwa vyuo vyote vitatu. Kile cha ada ndogo kilipanda haraka, kwa sababu wanafunzi wake hujilipia usafiri na malazi kila wanapohamishiwa hospitali nyingine. Tofauti yake na chuo changu ikabaki ndogo sana, wakati tofauti ya mafunzo ilikuwa kubwa.

Kuhusu ithibati, usichukue neno la chuo. Nenda kwa baraza la uuguzi lenyewe, na uulize kozi unayoitaka kwa mwaka unaoingia, kwani chuo kinaweza kuwa na kibali cha kozi moja na kukosa cha nyingine. Januari 2023 serikali ya Marekani ilifichua mtandao uliouza vyeti bandia zaidi ya 7,600 kwa majina ya shule tatu za uuguzi za Florida. Walioshtakiwa walikuwa 25. Wanunuzi walitaka njia ya mkato. Lakini namfikiria mwanafunzi aliyesoma kwa haki katika shule yenye jina hilo, ambaye sasa lazima ajieleze kila anapoomba kazi. Uliza pia wahitimu wangapi hufaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza. Chuo kinachojivunia matokeo yake hukujibu papo hapo.

Na je, shahada au stashahada? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014, uliohusu hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, uliona kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliendana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 za kulazwa. Naamini shahada ina uzito. Hata hivyo kwa asiye na uwezo, stashahada ya chuo chenye wodi nzuri, kisha kujiendeleza ukiwa kazini, ni njia ninayoiheshimu na ndiyo ninayoifuata.

Chuo changu nakipendekeza kwa anayetaka kushika wodi kwa mikono yake mapema na asiyeogopa kusahihishwa mbele ya watu. Anayelenga utafiti au ualimu atakwama kwenye maktaba ile. Na ukienda kutembelea chuo chochote, ukishamaliza na ofisi ya udahili, wasubiri wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapotoka zamu, uwaulize mara ya mwisho mkufunzi aliwasimamia kitandani kwa mgonjwa ilikuwa lini.