Nimemaliza New Moon, Jacob kaonewa

Haya wadau, nimemaliza jana usiku kwa tochi ya simu maana umeme ulikata huku Mwanga, Kigoma, toka saa mbili. New Moon, kitabu cha pili cha Twilight cha Stephenie Meyer, kilitoka 2006 kwahiyo najua nimekuja watu washakunja majamvi, msinicheke. Muvi yake niliionaga zamani kibanda umiza pale Ujiji, ile jamaa anatafsiri anavyojisikia, nikajua stori naijua. Wapi.

Bella anatimiza miaka 18, kina Cullen, familia ya wanyonya damu ya mpenzi wake Edward, wanamfanyia pati, anafungua zawadi karatasi inamkata kidole, tone moja tu la damu na Jasper, ndugu yake Edward, huyo anataka kumrukia. Edward akaona isiwe shida, kampeleka porini kamwambia sikutaki tena, familia nzima ikahama. Sasa hapo mwandishi kanimaliza. Kurasa zinazofuata hazina kitu, jina la mwezi tu, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, basi. Kuna mwaka na mimi nilikuwa hivyo hivyo, naenda sokoni nanunua mgebuka, napika, nakula, ukiniuliza leo siku gani sijui.

Ila baada ya hapo mtoto analia huyo! Anashika kifua anasema kuna shimo, unafunua ukurasa shimo tena, mpaka nikawa namwambia kwa sauti we binti nenda kaoge. Halafu anagundua akifanya kitu cha hatari anaisikia sauti ya Edward, basi mara pikipiki, mara anajirusha baharini kutoka juu ya jabali. Huku kwetu ukianza kusikia sauti shangazi keshakupeleka kwa shehe ukasomewe.

Anayekiokoa kitabu ni Jacob. Fundi wa pikipiki, mcheshi, anageuka mbwa mwitu kama vijana wenzake wa Kiquileute, na hilo ni kabila la kweli kabisa lipo La Push, Washington, na hadithi yao ya asili inasema walitokana na mbwa mwitu. Mengine kayaongeza mwandishi mwenyewe. Mimi Muha, nikaanza kuwaza mgeni akikaa akatuandika sisi ingekuwaje, ningependa kusikia wenyewe wanavyoisimulia. Sema hii tabia ya vijana kuingia dirishani kwa binti usiku, Edward alianza kitabu cha kwanza, Jacob naye kaiga, hapa Kigoma wangeshaitiwa kamchape, wale wasaka wachawi.

Kilichoniudhi zaidi ni ile simu. Edward anapiga nyumbani kwa Bella, Jacob anapokea anamwambia baba yake Bella yuko msibani, Edward anakata, anaamini Bella kafa, anaondoka kwenda Italia kutafuta kifo. Hakuuliza msiba wa nani! Jamani, miaka mia na zaidi duniani hujui kuuliza nani kafariki?

Volterra yenyewe, huo mji wa Italia, tamu lakini, nilisoma bila kupumua, saa inakaribia sita mchana, watu wamejaa, Bella anakimbia kumuwahi Edward asitoke juani, maana watu wakimuona wakuu wa wanyonya damu wanamuua. Hawa hawaungui na jua, wanameremeta, ndio maana kina Cullen wakachagua kuishi mji wa Forks kwenye mawingu na mvua. Wangehamia Kigoma mwezi wa saba, kiangazi chote wangekimalizia chumbani.

Halafu Edward karudi, kasema nilikudanganya kwa faida yako, kasamehewa hapo hapo. Aliyemfuta machozi miezi yote kabaki anasimama pembeni. Nilikitupa kitandani, nikakiokota maana zilibaki kurasa chache.

Kiingereza chake chepesi, wa fomu three anasoma bila kamusi. Nyota 3 kati ya 5, mbili za Jacob, moja ya ile miezi minne. Mwenye Eclipse, cha tatu, aniazime basi, nipo Mwanga, narudisha kweli. Hiki msikiombe, mdogo wangu anakuja kukichukua Jumamosi kutoka Kasulu, na yeye ni timu Edward, tutagombana.