Ukinunua Poirot, Kwanza Tafuta Gurudumu la Gari

Mwezi uliopita nililipa shilingi 75,000 kwa boksi la diski za Poirot, tamthilia ya yule mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, lililoandikwa "KAMILI", kwenye duka moja la Dar es Salaam ambalo sitalitaja. Jioni tukakaa na shangazi, chai mezani. Dakika ya tatu tu akaniuliza, "Mwanangu, huyu bwana kavimba au ndivyo alivyo?"

Hajavimba, shangazi. Kavutwa.

ITV ya Uingereza, kituo cha televisheni cha huko, walipoanza kuirusha tamthilia hii mwaka 1989, televisheni zilikuwa za kichogo na picha ilikaribia mraba, 4 kwa 3. Aliyerudufu diski zangu akaivuta ijaze vioo vipana vya siku hizi. Kichwa cha David Suchet, anayemwigiza Poirot, kinachotakiwa kisimame kama yai, kikalala kama andazi. Na huyu ni mpelelezi anayetaka hata mayai yake ya asubuhi yalingane ukubwa!

Kuvutwa kuna dawa: shika rimoti, chagua 4:3, mistari myeusi itokee pembeni. Iache hapo hapo. Kisicho na dawa ni kukatwa. Diski zangu za katikati zilikatwa juu na chini, vile viatu vyake vinavyong'aa sikuviona tena. Kwenye upelelezi, kilichodondoka sakafuni ndiyo kesi yenyewe. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aicheze, utafute gurudumu la gari au saa ya ukutani. Duara likiwa duara na watu wana miguu, lipa. Rangi ya boksi na idadi ya diski mtajisomea wenyewe.

Namba moja kwangu ni boksi kamili la ITV wenyewe: misimu 13, sehemu 70. Napendelea, na sioni haya. La rafiki yangu nimelitazama, mraba umebaki mraba. Ila diski hufungwa zicheze kwenye deki za eneo moja la dunia, ndiyo kanda: hilo ni kanda ya 2 na sisi huku tuko kanda ya 5, kwa hiyo uwe na deki isiyobagua kanda. La Marekani ni kanda ya 1.

Namba mbili, kama hela haitoshi, nunua msimu wa 9 peke yake. Filamu nne tu, zilianza kurushwa Desemba 2003, na hapo ndipo tamthilia ilipojivua gamba. Kapteni Hastings, rafiki yake, hayupo. Inspekta Japp hayupo. Miss Lemon, katibu wake, na mafaili yake, hayupo. Hata ile michoro ya ufunguzi na saksafoni ya mtunzi Christopher Gunning, iliyokuwa inatuita kutoka jikoni, imeondolewa. Mwanga umefifia, utani umepungua, picha yenyewe imetanuka, na mzee amebaki peke yake ndani ya upana wote huo. Nilinuna. Nilisema wameiua.

Halafu nikafika Murder on the Orient Express, ile ya treni, ya 2010. Poirot anasali na rozari mkononi, ana hasira na wauaji na hajui afanye nini na haki yake mwenyewe. Poirot wa 1989, mwenye Hastings wa kumtania pembeni, asingeubeba mzigo ule. Ndiyo maana wanaoniandikia "dada, nunua za zamani tu, za baadaye zimeharibika" siwasikilizi tena.

Za zamani peke yake ni namba tatu. Nyingi ni fupi, dakika kama hamsini, na watoto wanacheka.

Kutazama mtandaoni: leo ipo, kesho nchi yako imefungiwa, na bando limeisha. Flashi za mtaani: hapana.

Nilirudisha boksi langu. Muuzaji akalitazama, akanitazama. "Dada, lakini si inaonekana?"

Inaonekana! Elfu sabini na tano, naambiwa inaonekana. Ukiuliza bei, wanakusomea ushuru, dola na bandari. Ukiuliza picha, wanakwambia ni tivii yako. Nikamwonyesha na orodha ya nyuma: Curtain, ile ya mwisho iliyorushwa Novemba 2013, haimo kabisa.

"Kaka, umeandika kamili, na Poirot hajamaliza."

"Hiyo ipo," akasema, akiinama chini ya kaunta. "Ila inauzwa peke yake. Elfu kumi na tano."